Jicho na Pazia

Mvua ndiyo iliyomwingiza Bwana Uhakika chuoni. Yeye hakuwa na shida na elimu, na elimu, tuseme ukweli, haikuwa na shida naye. Alikuwa anapita njia zake, shati jeupe limepigwa pasi, viatu vinang'aa, mfukoni hana kitu, mbingu zikafunguka. Akajibanza kwenye korido ya kwanza aliyoikuta wazi. Kumbe ni korido ya chuo cha bima, mahali ambapo watu wazima wenye vitambi na wajukuu wanakuja kufanyiwa mtihani wa leseni ya uwakala.

Hajamaliza kukung'uta maji mabegani, akasikia mtu analalamika ndani ya chumba chenye kibao cha Mkuu wa Chuo.

"Zamani nilikuwa nawaona shingo! Mtu akitaka kuibia, shingo inageuka, namkamata. Leo kila mmoja ana kompyuta yake. Mtihani uko mbele, majibu yako dirisha la nyuma, na shingo imenyooka kama ya askari wa gwaride. Nimkamate kwa lipi?"

"Lakini Mkuu," sauti ya mwanamke ikajibu taratibu, "wakifaulu si ndiyo sifa ya chuo?"

"Sifa inanunua nini, mama karani? Anayekamatwa anarudia mtihani, na anayerudia analipa ada upya. Mwaka mzima sijakamata hata mmoja!"

Bwana Uhakika aliacha kukung'uta maji. Kuna watu ambao matumbo yao hunguruma wakisikia harufu ya nyama. La kwake lilinguruma pale mtu mwenye tamaa alipoeleza shida yake kwa sauti kubwa. Akapangusa viatu kwenye suruali, mguu wa kulia nyuma ya wa kushoto, kisha wa kushoto nyuma ya wa kulia, akabisha hodi.

"Mkuu, shikamoo. Naomba radhi. Sikusikiliza, ila nimesikia."

Mkuu wa Chuo alikuwa mtu mfupi mwenye tai ndefu. Karani wake, mama wa makamo aliyevaa miwani ya kamba, alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi kichwani, akarudi tena kwenye viatu.

"Wewe ni nani?" Mkuu aliuliza.

"Mimi ni mtu wa usalama wa mitihani," alisema Bwana Uhakika, ambaye dakika moja iliyopita alikuwa mtu wa kuikimbia mvua. "Kuna programu inaitwa Jicho. Inakaa ndani ya ukurasa wa mtihani, kimya, haina makelele. Mtahiniwa akifungua dirisha lingine lolote kwenye kompyuta yake, Jicho linaona, linakuletea habari hapo ulipokaa: kompyuta namba saba, dirisha moja. Namba kumi na mbili, madirisha matatu. Wewe ni kunyanyuka tu na kwenda kuwachuma."

"Lolote?"

"Lolote, Mkuu. Uhakika, asilimia mia."

Hapo ndipo lilipotoka jina lake. Watu wa mjini walikuwa wamesahau alilopewa na wazazi.

"Na hiyo programu ipo?"

"Ipo. Inafanyiwa matengenezo ya mwisho. Wiki ijayo nakuletea uione kwa macho yako."

Ukweli ni kwamba Jicho lilikuwa na umri wa dakika mbili, na lilikuwa limezaliwa mdomoni. Lakini Bwana Uhakika hakuwa na wasiwasi. Kutunga ni kazi yake, kutengeneza ni kazi ya dada.

Dada yake mkubwa alikuwa fundi kompyuta. Chumba chake kilikuwa mtaa wa nyuma ya soko, upana wa hatua nne, urefu wa hatua sita, kaunta ya mbao mbele na rafu pande mbili. Makopo ya skrubu yamepangwa kwa ukubwa. Kompyuta zimelala chali, matumbo wazi. Baba yao alikuwa fundi saa humo humo, na dada ndiye aliyekaa na baba miaka yote akijifunza kushika bisibisi bila mkono kutetemeka. Mdogo mtu alijifunza kuongea na wateja. Siku baba alipokwenda kuandikisha chumba, dada alikuwa kazini, mdogo mtu ndiye aliyemsindikiza. Karatasi ikatoka na jina la aliyekuwepo.

Kwa hiyo mwenye kufanya kazi alikuwa dada, na mwenye chumba alikuwa Bwana Uhakika. Na jirani, muuza magodoro, ambaye magodoro yake yalikuwa yamesimama mpaka darini hayana pa kwenda, alikuwa amemwambia Bwana Uhakika kwamba mwisho wa mwezi yuko tayari kukinunua chumba kile na kubomoa ukuta.

"Haiwezekani," dada alisema baada ya kusikia habari za Jicho. Hakuinua kichwa. "Ukurasa wa mtandao hauna ruhusa ya kuchungulia madirisha ya watu. Ungekuwa nayo, kila gazeti unalolifungua lingesoma barua zako za benki."

"Hata kidogo tu, dada?"

"Ukurasa unalijua dirisha moja tu, lile ulilolifungua wenyewe. Hilo unalo mkononi. Unaweza kuliuliza, 'Bado uko wazi?' Likijibu ndiyo, unalihesabu. Ukitaka unalifunga. Ni kama mama na wanawe. Wa kwake anawahesabu kila jioni. Wa jirani hata wapite kumi mbele ya mlango, hana habari nao."

"Kwa hiyo tukiweka kitu cha kubonyeza ndani ya ukurasa wetu, ukurasa ukamfungulia mtu dirisha, tutaliona?"

"Hilo tutaliona. Lakini sikiliza, hiyo maana yake ni kwamba..."

Bwana Uhakika alikuwa na ugonjwa mmoja wa siku nyingi. Alikuwa anasikiliza mpaka pale maneno yanapomfaa, kisha masikio yanafunga duka. Alikuwa amepata cha kumwonyesha Mkuu. Mengine yote aliyaona mapambo.

"Dada yangu, nitengenezee hilo. Moja tu."

Dada aliweka bisibisi chini. "Umemuuzia muuza magodoro chumba hiki?"

"Nani kasema?"

"Ukuta ule ni wa mbao, mdogo wangu. Jana mlikuwa mnapatana, nilikuwa nabadilisha betri upande huu."

"Ah! Maneno ya biashara yale, ya kumfurahisha mzee wa watu. Nitengenezee Jicho, na siku ya mtihani naweka saini, chumba kinakuwa chako kwa karatasi. Uhakika."

Dada aliokota tena bisibisi. Alikuwa na miaka kumi na miwili ndani ya chumba kile, na hakuwa na pa kupeleka hata kopo moja la skrubu. Aliogopa, na uoga wake ulionekana, naye hakujaribu kuuficha. Akasema, "Sawa." Bwana Uhakika akatoka akipiga mluzi.

Maonyesho yalifana. Mkuu aliwekwa mbele ya kompyuta, ukurasa wa mtihani wa mfano ukafunguliwa, na chini yake maneno ya buluu yaliyoandikwa "Soma habari za leo". Akaambiwa abonyeze. Dirisha la gazeti likaruka. Kwenye skrini ya pili, kiboksi cha kijani kikawa chekundu: dirisha moja. Akafunga, kikarudi kijani. Akabonyeza tena mara tatu. Madirisha matatu!

"Subhana!" alisema Mkuu, na alikuwa anapumua kwa kinywa.

Mama karani akasogea. "Naomba na mimi nijaribu. Nifungue langu mwenyewe, nisipitie kwenye hayo maneno ya buluu."

Kijasho chembamba kikamtoka Bwana Uhakika, lakini ulimi haukutoka jasho. "Mama, wewe ni mtahiniwa?"

"Hapana."

"Basi! Jicho limefundishwa tabia ya watahiniwa. Ukilipa tabia ya mtu mwaminifu kama wewe, litachanganyikiwa, na kulifundisha upya ni miezi mitatu."

"Mama karani, usituharibie Jicho," Mkuu akakaripia, na bahasha ya kwanza ikatoka kwenye mtoto wa meza. Ya pili, walikubaliana, itatoka siku ya mtihani, Jicho likishafanya kazi. "Nitakamata wangapi, unadhani?"

"Mkuu, hilo anajua Mungu na vidole vyao."

Mtu wa kawaida angeishia hapo. Bahasha moja mkononi, nyingine njiani, programu isiyoona kitu, na hakuna wa kuthibitisha kwamba haioni kitu, kwa sababu kisichoonwa hakionekani. Lakini Bwana Uhakika alipokuwa anatoka getini aliwakuta watahiniwa wenyewe, ishirini, wamekaa kwenye viti vya plastiki wakinywa chai, na roho ikamwambia kwamba dawa ya panya inauzika vizuri kwa mwenye nyumba, lakini panya nao wana fedha zao.

Kiongozi wao alikuwa wakala mnene wa bima ya magari aliyeitwa Kiranja, mtu wa kucheka kwanza na kufikiri baadaye.

"Jamani," Bwana Uhakika alisema kwa sauti ya msiba, "mmesikia habari za Jicho?"

Hawakuwa wamesikia. Akawaelezea, na alieleza vizuri kiasi cha wawili kuacha chai zao. Walikuwa wamezoea kuweka majibu dirisha la nyuma. Kusoma walikuwa hawajasoma, na mtihani ulikuwa Jumatatu.

"Tumekwisha," alisema Kiranja.

"Hamjaisha. Kuna Pazia. Mkilipata Pazia, Jicho linawatazama na haliwaoni. Mnabonyeza kitufe kirefu cha chini mara tatu kabla ya kufungua dirisha lenu. Basi."

Ilikuwa bidhaa safi kuliko zote alizowahi kuuza. Isingeweza kushindwa, maana Jicho lenyewe lilikuwa kipofu. Lakini Kiranja alikunja uso.

"Yaani nilipie kubonyeza kitufe nilichonacho? Kaka, hata mimi nauza kitu kisichoonekana, lakini angalau natoa karatasi. Tuonyeshe Pazia lenyewe."

"Ndiyo, tulione!" wakaitikia wengine.

Bwana Uhakika akawaza haraka. "Mtaliona. Chini ya ukurasa wa mtihani, kona ya kulia, kutakuwa na nukta ndogo ya kijani. Ukiibonyeza, dirisha la majibu yenu linafunguka lenyewe, limeshavishwa Pazia. Mnipe majibu yenu niyapakie."

Hiyo ikawaridhisha. Kitu cha kubonyeza, rangi ya kijani, kona ya kulia. Kumi na tisa walichanga bahasha hapo hapo. Wa ishirini, mama mmoja mkimya aliyekuwa na kitabu mapajani, alisema yeye amesoma, na wenzake wakamwonea huruma.

Hapa msimulizi anaomba nafasi amwonee huruma Bwana Uhakika naye, maana ndipo alipojikwaa. Siku tatu mfululizo, akikusanya majibu yao, alikuwa amelisifu Pazia kwa watu kumi na tisa, mmoja mmoja, kwa sauti ya chini, mkono kifuani. Alipofika kwa wa kumi na tisa alikuwa ameanza kuliamini. Kwake Jicho lilikuwa kitu kimoja na Pazia kitu kingine, kila moja na jina lake, na alisahau kwamba yote mawili yalikuwa maneno tu aliyoyatunga yeye, na kwamba nyuma ya maneno kulikuwa na ukurasa mmoja uliotengenezwa na mtu mmoja.

"Unataka nukta iwe ndani ya ukurasa wa mtihani?" dada aliuliza.

"Ndani kabisa, kona ya kulia."

"Na mtu akiibonyeza, ukurasa wenyewe ndio umfungulie dirisha?"

"Ndio umfungulie."

"Umefikiri vizuri, mdogo wangu?"

"Dada, wewe ni mikono, mimi ni kichwa. Mikono haiulizi."

Upande wa pili wa ukuta muuza magodoro alikuwa anapima kwa futi ya chuma, na walisikia anavyohesabu hatua za chumba ambacho hakijawa chake.

"Na karatasi yangu?"

"Baada ya mtihani. Tukishamaliza hili, tumemaliza yote."

Haya ilimpitia kidogo Bwana Uhakika aliposema hivyo, kwa sababu siku moja kabla alikuwa amempa muuza magodoro mkono wa kukubaliana. Akaiacha ipite. Dada alivuta kibodi, akauliza tu nukta iwe kijani cha majani au kijani cha bahari.

Jumatatu saa tatu asubuhi ukumbi ulijaa. Ofisini, Mkuu alikaa mbele ya skrini yenye viboksi ishirini vya kijani. Dada aliketi pembeni na kompyuta yake mapajani, kama mtaalamu wa mitambo. Mama karani alikuwa mezani kwake akigonga mihuri. Bwana Uhakika alisimama nyuma ya Mkuu, mikono nyuma, kama mwenye mali.

Dakika kumi. Kijani kitupu.

"Mbona hawafungui?" Mkuu alinung'unika.

"Wanaogopa, Mkuu. Hofu ndiyo kazi ya kwanza ya Jicho." Alikuwa ameandaa sentensi hiyo tangu juzi. Alipanga ifuatwe na kikohozi kidogo, kisha bahasha, kisha stendi ya magari ya mbali.

Kiboksi namba nne kikawa chekundu.

Mkuu akaruka. "Dirisha moja!"

Namba tisa kikafuata. Namba mbili. Kumi na moja, kumi na tano, kumi na sita, vikawa vinawaka huku na huku, na Mkuu anavitaja kwa sauti kama mtu anayehesabu kuku wanaorudi bandani. Vilipotulia vilikuwa kumi na tisa. Kimoja tu kilibaki kijani, cha yule mama mkimya.

"Kumi na tisa!" Mkuu alimkumbatia Bwana Uhakika kiunoni, ndipo alipofika. "Mwanangu! Kumi na tisa wanarudia! Ngoja nivae koti nikawasomee majina mbele ya ukumbi. Jambo hili halisomwi bila koti."

Akaingia chumba cha ndani. Bwana Uhakika alimvuta dada na kompyuta yake mpaka kwenye korido.

"Dada, mtambo umeharibika! Unaona!"

"Haujaharibika. Nilikwambia tangu mwanzo, ukurasa unaliona dirisha ulilolifungua wenyewe. Wangefungua kwa mikono yao tusingeona hata moja. Wewe ukataka nukta."

"Mbona hukunizuia?"

"Nilikuuliza mara tatu. Ukaniambia mikono haiulizi."

Simu yake ikatetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Kiranja: "Kaka, Pazia tamu. Ila tumesikia Mkuu anashangilia. Kuna nini?"

Hapo Bwana Uhakika akaona pande zote mbili kwa wakati mmoja, na kila upande ulikuwa na meno. Akimwambia Mkuu kwamba Jicho ni uongo, bahasha ya kwanza inarudi, ya pili haiji, na polisi wako kona ya pili. Akiliacha Jicho liseme kweli, kumi na tisa watasomewa majina, na wote watataja jina moja. Watu wazima kumi na tisa, wenye sauti za kuuzia bima. Mshika mbili moja humponyoka, lakini yeye zote mbili zilikuwa zimemshika yeye. Aliogopa kweli, uoga wa utotoni, na akafanya kama alivyofanya utotoni.

"Dada, nisaidie."

Dada alifungua mkoba akatoa karatasi. Ilikuwa imechapwa vizuri, mistari imenyooka: mwenye chumba anahamisha chumba kwa dada yake wa damu, kwa hiari yake.

"Dirisha ulilolifungua unaweza kulifunga," alisema. "Kitufe kimoja, yote kumi na tisa, na nukta nayo inazimika. Mimi nina kitufe. Wewe una kalamu."

"Dada! Kwa damu moja tunafanyiana hivi?"

"Damu hiyo hiyo ndiyo uliyokuwa unamuuzia muuza magodoro. Mkuu yuko kwenye kifungo cha ngapi?"

Kutoka chumba cha ndani Mkuu alikuwa anaimba. Bwana Uhakika aliweka karatasi ukutani na kusaini.

"Anatakiwa shahidi," alisema dada.

"Shahidi nipo," ilisema sauti, na mama karani akatokea mlangoni, miwani puani, kalamu mkononi, muhuri kwenye kiganja. Alisaini, akagonga, akapuliza wino ukauke. "Na mimi ni mtu mwaminifu," akamwambia Bwana Uhakika, "tabia yangu inachanganya mitambo."

Dada alikunja karatasi mara nne, akaitia ndani ya mkoba, akafunga zipu. Ndipo akabonyeza, wakarudi ofisini.

Mkuu alitoka amevaa koti, na tai ameikaza. Akakuta viboksi ishirini, vyote kijani.

"Wamekwenda wapi?"

Hata mama karani alitaka kusikia jibu.

"Wametubu, Mkuu," alisema Bwana Uhakika.

"Wote?"

"Wote."

"Kwa sekunde moja?"

"Walisikia sauti yako ukishangilia. Dhamira ikawagonga. Jicho limefanya kazi ya mahubiri." Kisha, kwa kuwa tumbo lake halikufa hata kwenye hatari, akaongeza: "Na fikiria, Mkuu. Majibu wameyafunga, vichwani hawana kitu, na wana saa nzima mbele yao. Watafeli kwa haki. Aliyekamatwa anaweza kukata rufaa. Aliyefeli atakata rufaa ya nini?"

Mkuu alifikiri. Uso ukafunguka taratibu, kama mlango wa duka la mtu mvivu. Akakubali, akafungua mtoto wa meza, akatoa bahasha ya pili. Bwana Uhakika aliipokea kwa mikono miwili, akaaga kwa heshima, akatembea mpaka mwisho wa korido, kisha akasema miguu niponye.

Miguu ilimfikisha getini tu. Mtihani ulikuwa umewashinda watu mapema kuliko saa, na kumi na tisa walikuwa wamesimama pale, Kiranja mbele, safari hii hacheki kwanza.

"Kaka Uhakika. Pazia limejifunga na majibu yetu ndani."

"Hitilafu ya umeme, ndugu zangu! Uhakika ni kwamba..."

"Sisi ni watu wa bima," Kiranja alimkata. "Hatupigi mtu. Tunafidiwa tu."

Wakamzunguka wakajifidia. Walianza na bahasha yao, wakaendelea na bahasha ya kwanza ya Mkuu, wakamalizia na ya pili, ambayo Kiranja aliiita usumbufu. Kisha kila mmoja alimpa mkono kwa adabu, mara kumi na tisa. Kilichomuuma ni kwamba kesi hiyo asingeweza kuipeleka popote.

Muuza magodoro alikuja mwisho wa mwezi na mafundi wawili na nyundo. Dada alimwonyesha karatasi yenye muhuri, akampa kiti, akampa na chai. Ukuta ukabaki.

Bwana Uhakika alijificha kwa binamu yake wiki mbili, akila kwa haya na kulala kwenye kochi. Simu ikalia. Alikuwa Mkuu, sauti tamu kama asali: wenzake wa vyuo vingine vitano wamesikia habari za watu waliotubu, wanalitaka Jicho, wote watakutana ofisini kwake Alhamisi saa nne. Vyuo vitano! Bahasha kumi! Kitu kimoja tu kilikosekana, mikono.

Akafika kwa dada Jumatatu asubuhi, viatu vimepigwa rangi. Chumba kilikuwa kimejaa. Kiranja na wenzake walikuwa wamebanana kwenye mabenchi kati ya rafu, madaftari mapajani, na yule mama mkimya amesimama mbele na chaki anawafundisha mtihani wa marudio, wakilipa kwa bahasha walizofidiwa. Walimwona, wakamsalimia wote kwa pamoja. Yeye, kwa mazoea ya maisha yake yote, alinyanyua ubao wa kaunta ili apite ndani.

Dada aliurudisha chini kwa mkono mmoja.

"Wateja wanasimama upande ule."

Hakuyasema kwa hasira. Bwana Uhakika alisimama upande ule. Hakuwahi kukiona chumba kutoka hapo akiwa hana neno nacho, na kilionekana kizuri machoni pake, na ilimuuma kuliko bahasha zote. Meza ya baba ilikuwa imepakwa rangi mpya.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Tatizo ni nini?" Alikuwa ameshavuta kitabu cha stakabadhi.

"Nataka Jicho. Kabla ya Alhamisi. Nitakulipa nusu kwa nusu, mbele ya shahidi, hata mama karani, yeyote. Safari hii nasema kweli, dada. Wallahi."

Na alikuwa anasema kweli. Ilikuwa mara ya kwanza, naye mwenyewe alishangaa jinsi maneno ya kweli yanavyotoka mafupi.

Dada aliandika, akachana karatasi, akamkabidhi juu ya kaunta.

"Njoo Jumatano."

"Jumatano itakuwa tayari?"

"Uhakika," alisema dada.

Jumatano alifika saa mbili kamili asubuhi, kabla hata mlango haujafunguliwa, karatasi yake mkononi. Akaambiwa arudi Ijumaa.